Maelezo ya Merle Tackett kuhusu gari la Florida lililomgonga muuza karanga upande wa Georgia

Kituo cha Polisi Barlow Mill, Georgia
Jina: Merle Tackett. Umri: miaka 61. Kazi: mpishi wa shule, mstaafu. Makazi: Pinder, Florida.

Ninaeleza kwa hiari yangu kama ifuatavyo:

Mnamo tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, nilikuwa ndani ya gari la mdogo wangu, Royce Tackett, tukienda kwenye ubatizo wa mjukuu wangu. Royce ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulikuwa tumeuvuka mpaka wa jimbo muda si mrefu. Royce aliinama kuokota miwani yake, gari likaacha njia na kugonga meza ya karanga za kuchemsha kando ya barabara. Muuzaji, Bi. Odell Pruitt, aligongwa akaanguka. Mguu wake ulivunjika, ukawa unatoka damu nyingi.

Royce hakuzima gari. Alisema, "Dada, bima yangu hailipi mtu niliyemuumiza. Nilichukua ile ya bei rahisi kabisa ya Florida. Huku Georgia watanichukulia hadi nyumba. Mpaka si ule pale? Tugeuze."

Nikamwambia, "Geuza. Mimi nashuka."

Nilishuka. Bi. Pruitt alinishika mkono akasema, "Usiniache peke yangu na hizi karanga, shoga." Nadhani alitaka kunichekesha. Nikapiga simu kuita ambulensi. Nyuma yangu nikasikia injini ikizimwa.

Bi. Pruitt alipokwisha kuchukuliwa na ambulensi, askari aliyefika alipiga simu kwa kampuni ya bima ya Royce kwa spika, sote tukisikia. Mwanamke aliyepokea alieleza kwamba gari likiwa jimbo lingine, bima hiyo hupanda hadi kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria ya huko. "Georgia inataka majeruhi alipwe, kwa hiyo tutalipa hadi hapo. Gharama zikizidi hapo, ni juu yako."

Royce akauliza, "Na ingetokea kwetu Florida?"

"Kwa bima yako hii, mama huyo asingepata kitu kutoka kwetu."

Royce akaketi kwenye majani. Nami tangu hapo nawaza juu ya mpaka ule. Ukiupita hata huuhisi, na mguu wa mtu ni uleule pande zote mbili.

Royce yupo nje kwenye benchi. Ameniomba nisitaje aliyoyasema ndani ya gari, kwa kuwa hakuyatenda. Nimeyataja kwa sababu aliyasema.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo.

Sahihi: M. Tackett

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa, amekubali ni sahihi. Alipofika mlangoni alirudi, akaomba niongeze: "Andika pia kwamba ni Royce aliyevua shati akaufunga ule mguu, na hakuuachia mpaka watu wa ambulensi walipomwondoa mikono."