Matoka ya Mpakani

Kabiria,
Nairobi.
14 Mei 2006

Mpendwa mdogo wangu Shiko,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Uholanzi imepungua na kifua chako kimetulia. Sisi kwa miili tu wazima, tunamshukuru Mungu. Masika imenyesha vizuri, na Janice wangu ameota meno mawili ya mbele, kwa hivyo sasa anatuuma sote bila ubaguzi.

Barua yako ilifika. Nilicheka kusoma kwamba unaandika historia ya kilimo cha Afrika nzima, kuanzia Misri hadi Rasi ya Tumaini Jema. Wewe, uliyekuwa ukitumwa kupalilia unajificha kwenye migomba! Haya, mgala muue na haki yake umpe, umefika mbali. Uliniomba nimuulize Mama maswali yako kuhusu shamba letu. Sijamuuliza, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niianze barua hii na kuichana zaidi ya mara moja.

Unayakumbuka yale matoka yaliyopanga mstari toka barabarani hadi kijitoni, kati yetu na kina Kihara? Yale yenye maua meupe yaliyopigwa mistari ya pinki. Siku za Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, watu walifungiwa vijijini, na walipotoka serikali ilikuwa imeunganisha vipande vya mashamba, kila mtu akapewa chake mahali pamoja. Baba na Mzee Kihara hawakuiamini kamba ya wapimaji. Walichinja mbuzi, wazee wakanyunyiza mstarini taatha, yaani majani ya tumboni mwa mbuzi, kisha wakapanda matoka juu yake. Mama alikuwa bibi arusi, na ndiye aliyechota maji ya kuyatilia. Kwa desturi ya kwetu, anayeng'oa itoka la mpakani amejitakia laana.

Shiko, Ken ameyang'oa yote.

Mwezi wa pili, huyu kitinda mimba wetu alikuwa akisafisha upande ule ajenge vyumba vya kupangisha. Muuza miche mmoja wa Dagoretti Corner akayaona, akayapenda, na Ken akamchimbulia hadi la mwisho, akijiona mjanja. Jioni Mama alipouliza yalikokwenda, akajibiwa, "Si hizo ni maua tu, mathe? Zilikuwa zinajimea hapo." Mama aliketi chini palepale kwenye udongo. Mimi nilimkasirikia Ken na bado nimemkasirikia, na chai yake huwa naitia sukari kidogo kwa makusudi. Lakini nikiwa peke yangu najiuliza ni nani kati yetu aliyewahi kumwambia itoka ni nini. Kizazi chake kimekuta pale nyumba za kupanga na nguo zilizoanikwa, hakikukuta shamba.

Haukupita muda, Jamleck, mwana wa Mzee Kihara, akaanza kujenga ukuta. Hakuja kwa ubaya, lazima niseme ukweli. Nilipomfuata aliniambia, "Nyakio, mimi najenga pale mzee alinionyesha nikiwa kijana. Kama kuna mpaka, nionyeshe basi." Nikakosa cha kumwonyesha. Tukamwita mpima ardhi na ramani yake. Alisema ramani hizi za zamani zinachora mstari wa kukisia tu, mpaka wenyewe unatafutwa shambani, kwenye ua au alama iliyopandwa. Wazee walioshuhudia wamekufa wote. Amebaki Mama, na neno lake halihesabiki kwa kuwa shamba ni lake.

Ukuta umemeza bustani yote ya nduma kule kijitoni. Nduma zile ndizo zilizotusomesha mimi na wewe. Mama aliwatangulia mafundi akazing'oa zikiwa bado changa, akatuchemshia. Tulizitafuna tukitazamana, hakuna aliyesifu wala aliyeongeza.

Sikukata tamaa. Nilimbana muuza miche mpaka akanielekeza kwa mteja wake huko Loresho, nikampeleka Mama. Mwenye nyumba ni mama mmoja wa Kihindi anayeitwa Ramila, mpole sana. Matoka yetu yamepandwa kuzunguka bwawa la samaki, na yamechanua. Mama aliinama akaanza kuyang'olea magugu, kwa mazoea. Nilipomweleza Ramila kisa chote, alishika mdomo, kisha akasema, "Chukueni yote, mama. Hata leo hii."

Mama akakataa. Alisema itoka likishang'olewa haliwezi kutoa ushahidi tena, na tukiyarudisha tutayapanda pale tunapotaka sisi, halafu tudai ni mbuzi wa Baba aliyesema. Akamshukuru Ramila, tukarudi mikono mitupu. Nilitamani angekuwa mwongo kidogo, siku hiyo moja tu.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani aliniita kaburini kwa Baba, pale shambani karibu na mpaka. Unajua ile nafasi ya kushoto aliyotuonyesha tangu zamani kuwa ni yake. Ukuta umepita juu yake. Nikamwambia upande wa kulia bado uko wazi. Akaniuliza, "Na wakisogea tena, nitahamia wapi nikiwa nimekufa?" Akasema siku yake ikifika tumpeleke Lang'ata, kwenye makaburi ya watu wote. Mwanamke aliyelima udongo huu karibu miaka hamsini anaomba kulala na watu asiowajua. Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Kwa hivyo maswali yako sikumuuliza. Ukiweza, njoo umuulize mwenyewe, na uje mapema.

Ken anakusalimu, ingawa ameniomba nisikueleze aliyoyafanya. Shangazi Nduta na jirani yetu Mama Kasyoka wanakusalimu pia, na wanauliza kama huko umepata mchumba au vitabu tu. Mungu wa Baba yetu akufunike popote unapolala, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mama naye anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alinisihi nisikutajie habari za Lang'ata, usije ukashindwa kusoma. Kisha akasema nikuulize kama katika vitabu vyako kuna mahali ambapo mtu amewahi kurudishiwa shamba lake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Nyakio