Pazia la Maghorofa

Kwa mume wangu Fuad, bwana mkubwa wa Doha,

Salamu zako za Idd zilifika, pamoja na picha: umesimama kifua mbele, maghorofa yanameta nyuma yako. Huku Voi studio yangu ya picha inakwenda. Shuka ninazotundika ukutani zimewachosha wateja, kwa hivyo nilienda Mwatate kwa Reuben, mpiga picha anayefunga biashara yake, kutafuta pazia la bei nafuu.

Akanikunjulia moja. Maghorofa yale yale, Fuad, na kiraka kile kile cha uzi mwekundu kinachoonekana pichani karibu na kiwiko chako. Nikamwonyesha picha yako kwenye simu.

"Huyu si jirani yangu," akasema, "mwenye kibanda cha chipsi?"

Mwanamume mzima, hata uongo unaupiga picha mbele ya kiraka!

Pazia nimelinunua. Jana mama yako alisimama mbele yake na buibui jipya, akacheka. "Mtumie mwanangu, aone nami nimefika kwake." Nikampiga picha. Picha yake nimeitia humu, na Reuben atakukabidhi mkononi.

Ni mimi Khairat,
Voi, gari moja tu kutoka Doha.