Rundo la Mawe la Kilimani

Jumamosi, Mlandege

Choo! Wanajenga choo cha watalii.

Lile rundo la mawe kwenye njia ya zamani ya kilimani, ambalo kila anayepita huongeza jiwe moja kwa heshima ya waliozikwa kule juu, leo sikulikuta. Na ndicho kitu chenyewe tunachokihifadhi! Nimekuta msingi.

"Kamwene, dada," mwenyekiti wa kamati yetu ya hifadhi akanipokea huku akicheka. "Wageni hawatajisaidia porini tena."

"Mawe yako wapi?"

"Si hayo hapo kwenye msingi? Ulisema mwenyewe tubane matumizi."

"Nilisema soda za vikao!"

"Mawe ni mawe, dada. Nitakuletea lori zima, mazuri kuliko yale."

Lori zima. Jiwe la mama limo mle. Aliliweka akiwa amenibeba mgongoni, siku tulipohama kijijini bila hata sufuria. Mimi nimeweka langu kila mwaka tangu nifungue duka. Hesabu hiyo lori lake litailipaje?

Na hofu ninayo, sitaficha. Wajukuu nitakuja kuwaonyesha nini? Choo?

Fundi amemaliza msingi leo jioni. Saruji imetoka dukani kwangu, kwa hiyo najua vizuri kwamba usiku mmoja hauitoshi kukomaa. Kesho kabla ya ibada nitakuwa kule na nyundo na mtaimbo. Nitayarudisha mawe rundoni, jiwe kwa jiwe, hata kama nitakuwa peke yangu.

Mwenyekiti abaki na lori lake.