Mzee Niliyemmwagia Maji Kando ya Rhône

Shikamoo Baba,

Hapa Lyon mito ni miwili, na joto likizidi watu wote hushuka ukingoni. Jana mchana, nikiwa na Shangazi, nilimwona mzee amelala juani kando ya Rhône, kifua wazi, hatikisiki. Nikakumbuka ulivyonifundisha kuhusu wenzako wanaozimia kazini kwa joto: kwanza maji, mengine baadaye. Nikammwagia chupa nzima kichwani, au karibu nzima. Aliruka!

Shangazi akapiga kelele, "We Zuhura! Mwenzio anaota jua!"

Nilitamani mto unimeze. Nikaomba radhi kwa Kifaransa changu cha shuleni. Mzee akanitazama, akalala kifudifudi, akasema, "Yamebaki? Mwaga na mgongoni."

Huko kazini Deira usisahau kofia, Baba. Nakuombea kivuli.

Mwanao,
Zuhura