Kwa Nini Radi Alinivunja Taya

Nyumba ya nyuma, chumba cha pili,
Mtaa wa Viwandani.
9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na kwamba baridi ya huko haijakuingia mifupani. Huku sote tu hai, ingawa si wazima. Mama anaendelea na dawa zake za presha na kunung'unika kama kawaida.

Umezoea kunisikia kwa simu, tena ukiniita Redio kwa jinsi nisivyonyamaza. Sasa Redio imezimwa. Taya limefungwa kwa waya, nanywa supu kwa mrija, na mate yananitiririka kama mtoto anayeota meno.

Mama amenipa ujumbe wako, kwamba nifute kesi ya mwanao, mambo ya ndani yamalizwe ndani. Nakuheshimu sana, ila umesikia upande mmoja, tena uliochujwa.

Unajua kiwandani kwetu tunatengeneza sufuria. Zamani kila mtu alirundika kazi yake na kumsukumia mwenzake. Sakafu imejaa sufuria zisizo na mikono, wateja wanatutukana getini. Mwaka huu akaja mtaalamu, mwanamke mwembamba mwenye maswali mengi. Akatufundisha kutengeneza chache chache mpaka ziishe, na kusimama pamoja kila asubuhi mbele ya ubao, kila mtu aseme alipokwama. Kisha akafunga kamba nyekundu juu ya mashine. Yeyote akiona hitilafu avute, mashine zote zisimame, litafutwe kosa, si mkosaji. Tulimcheka. Lakini haukupita muda sufuria zikawa zinatoka kwa wakati, na sisi tunafika nyumbani kabla ya giza.

Aliyeumia roho ni mwanao. Kaka yangu Radi, wanamwita hivyo kwa ngurumo zake, ndiye msimamizi wetu, na kwake kazi ikisimama ni kama ametukanwa. Wa kwanza kuvuta kamba alikabwa shingo. Wa pili alipigwa teke la tumbo. Baada ya hapo kila mtu aliipita kamba ile kama waya wa umeme.

Zamu yangu ikafika Jumanne. Mama Pacha, jirani yangu wa mashine, alikuwa ameingiza mkono chini ya presi, ile inayokandamiza bati liwe sufuria, nikaona bolti ya kizuizi inachomoka. Nikavuta. Presi ikakwama juu kidogo tu ya vidole vyake. Hata sikuwahi kugeuka. Radi alikuja na bomba la chuma akanipiga nalo usoni. Nilisikia mfupa ukikatika, Mjomba, kwa ndani, kama mtu anatafuna barafu. Nikaanguka, akaniongeza mateke ya mbavu huku akifoka, "Endeleeni na kazi! Nani kawaambia msimame?"

Basi ndipo moto ulipowaka. Mchomeleaji alimpiga kichwa cha pua, wengine wakamvamia kwa ngumi, buti na sufuria. Usicheke, sufuria nzito ni silaha. Alitapika damu. Walikuwa wanamuua, na sikufichi, pale sakafuni nilitamani wamalize. Aliyemwokoa ni Mama Pacha. Alimlalia juu, akayapokea yeye mateke.

Radi alipotoka kwa dhamana, mtaalamu alituita sote, naye akiwemo. Ana kawaida ya kuuliza kwa nini, na ukijibu anauliza tena, mpaka mfike kwenye mzizi.

"Kwa nini ulimpiga?"

"Alisimamisha kazi."

"Kwa nini hilo likupandishe hasira?"

"Idadi ya siku inashuka."

"Kwa nini uiogope idadi? Hapa haadhibiwi mtu kwa idadi."

Radi aliitazama mikono yake. "Nikiona kazi imesimama naogopa. Mkono unatangulia tu. Nyumbani kwetu aliyepumzika alipigwa mpaka azimie."

Hakukutaja. Mtaalamu naye hakuuliza tena, maana mzizi ulikuwa umetoka nje ya geti la kiwanda.

Lakini mimi nililelewa katika nyumba ile. Mimi, mtoto wa dada yako, hukunigusa hata kwa ukucha. Radi nilimwona amelala kifudifudi uani, nawe juu yake na mkanda, kisa aliketi kivulini kabla ya kumaliza kufyatua matofali. Nilimpelekea maji akashindwa kushika kikombe. Nawapenda nyote wawili, na nina hasira nanyi mpaka kichwa kinaniuma.

Kesi siifuti. Nikiifuta, hakuna atakayethubutu kuigusa kamba, na mkono wa mtu utabaki chini ya presi. Jumatatu naenda mahakamani, na nisichoweza kukitamka nitakiandika.

Nisalimie mkeo, kitinda mimba wenu, na yule jirani yenu fundi saa. Mungu akupe afya na umri mrefu, maana jibu lako nalihitaji. Mtaalamu aliishia getini; swali linalofuata nakuletea wewe, mzee wangu. Kwa nini ulimpiga?

Mpwa wako akupendaye hata sasa,
Redio