Mkwe Anasema Nimeihamisha Kibla

Mpendwa Bi Thuraiya, nisaidie, maana nimekuwa mgane na mke wangu yu hai.

Mimi ni fundi cherehani wa Mtambile, na mwaka jana ilitia nanga Mkoani mashua ndogo ya mzee mmoja wa Kizungu na bibi yake, tanga limechanika, nikaitwa kulishona, na yule mzee mkono wake ulikuwa umeteguka, akaniomba nifuatane nao mpaka Shelisheli kisha nirudi kwa meli, nami mke wangu Khairiya nikamwambia nakwenda na kurudi.

Bi Thuraiya, sijui nianzie wapi. Chombo hakizidi chumba changu cha kushonea, na jiko lake linaning'inia, chombo kikilala lenyewe linabaki wima na chai haimwagiki, na kila kitu kimefungwa kamba, hata sufuria, hata mimi nikilala, asubuhi tunaokota samaki wenye mbawa walioruka wakaangukia ndani, mchele tunauosha kwa maji ya bahari, mimi nashona, bibi anapika, usukani tunapokezana, na pande zote maji, Subhanallah, maji yasiyo na mwisho. Mchana mmoja upepo ulikufa, bahari ikanyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi, na nyangumi akaibuka ubavuni mwetu, akapumua, akanitazama kwa jicho moja, nami na sindano yangu mkononi nikasema, Mola wangu, kumbe mimi ni mdogo hivi!

Sasa balaa. Sisi wa Pemba, kaskazini tunaiita kibla, kwa kuwa ndiko tunakoelekea tukisali. Yule mzee nilimfundisha neno hilo, akawa kila akitazama dira ananiita kwa jina, "Kibla, Jaribu!" nami natandika mswala wangu huko huko, sina wasiwasi. Tulipofika Shelisheli nikaingia duka la Muhindi mmoja Muislamu, nikamkuta anasali adhuhuri ameelekea kati ya kaskazini na magharibi, alipotoa salamu nikamwambia, baba, umekosea, kwetu Pemba kibla ni kule. Akacheka. "Kwenu ni kusini ya Makka sawasawa," akasema. "Hapa umeshavuka, uko mashariki." Niliwaona watu wa dunia nzima, kila mmoja na upande wake, wote wamekizunguka kitu kimoja, nikakaa juu ya gunia la mchele nikalia mbele ya wateja.

Niliporudi nikayasimulia hayo barazani Wingwi, kwa mkwe wangu Mzee Mmanga, watu wamejaa, nikasema kibla nimeiona kwa macho yangu ikihama. Mzee akasimama: "Kibla yahama, weye? Yahama yenda wapi? Mie mwanangu nlimpa fundi cherehani, sikumpa fundi wa dini!" Kesho yake akaja Mtambile, anasema nimekufuru na ndoa haipo, na Khairiya akafunga nguo zake mwenyewe akafuatana naye Wingwi, hakusukumwa, akasema tu, "Tangu urudi hujaniuliza hata nlikuwa nala nini." Chakula kimeingiaje hapa sijui. Je, niyakane niliyoyaona, nayo ni kweli tupu, au nimpoteze mke?

Jaribu, Mtambile

*

Jaribu, nilipoimaliza barua yako nilirudi juu nikaisoma tena. Mungu amekuonyesha makubwa, na nakuonea wivu. Sasa tega sikio nikuseme.

Usikane kitu. Lakini ulimi wako umekuponza. Neno kibla lilikutoka wewe kwa maana ya dira, mkweo akalisikia kwa maana ya dini. Kibla haikuhama hata shubiri, uliyehama ni wewe! Ungesema hivyo tu, Mzee Mmanga angekuongezea kahawa. Mtafute shehe anayeheshimiwa, ufuatane naye, aeleze yeye na wewe unyamaze, kisha umwombe mzee radhi kwa kumshtua mbele ya watu wake. Habari ya ndoa, na ya zile sala zako za chomboni, ataisema shehe huyo. Mimi si kadhi, na mkweo pia si kadhi.

Hilo ndilo jepesi. Zito ni hilo la chakula, unalouliza limeingiaje. Limeingia mlangoni, bwana, pamoja na wewe! Ulimwambia mwenzio unakwenda na kurudi, ukavuka bahari kuu, ukarudi unamsimulia jiko la watu linavyoning'inia, na lake hukuuliza kama lilikuwa likiwaka. Barua yote hii, nyangumi ana jicho, Khairiya hana hata sura. Huoni haya?

Basi ukimaliza na mzee, omba kukaa na mkeo. Nyangumi mwache baharini. Mwulize alikula nini, nani alimchotea maji akiugua, aliogopa nini ulipokuwa hupo, na akisema usimkatize hata kwa Subhanallah. Akitaka mwenyewe kusikia ya safari, mwambie lile la gunia la mchele, kwani mwanamume aliyelia pale, mkeo bado hajamwona.

Na usikae kungoja uandike barua ya pili. Kwa maneno yenu ya Pemba, ukiwa Mtambile, Wingwi iko kibla. Funika cherehani, funga mlango, uende.