Suti ya Elia na Firigisi ya Kilimatinde

Jumamosi, jioni. Upepo wa Singida leo umeamka na hasira, vumbi mpaka kwenye meno. Nimekaa mlangoni na simu yangu, nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu. Baba Elia amepita, akaniangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Shajara, leo nimekula chakula ambacho sitakisahau, na nimesema maneno ambayo natamani wenzangu wayasahau.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza (binti yangu ananiambia kuna watu wanasoma, hata Arusha), Elia ni mtoto wangu wa kwanza. Ni fundi cherehani. Usije ukadhani ni fundi wa kuweka zipu na kupunguza magauni. Elia anashona suti za wanaume. Wachungaji wanakuja kwake. Walimu wakuu wanakuja kwake. Kuna bwana harusi alitoka Dodoma, Dodoma yenye mafundi wote wale, akaja kupimwa Singida. Sijisifu, natoa taarifa tu.

Vijana wenzake wanashona suruali za kubana mpaka mtu akitaka kukaa anaomba Mungu kwanza. Elia hapana. Yeye alijifunzia kwenye kaunda suti ya baba yake, ile aliyonioa nayo, ambayo hadi leo akiivaa kanisani watu wanageuza shingo. Elia aliitandaza mezani, akaigeuza ndani nje, akaona jinsi fundi wa zamani alivyoacha kitambaa cha akiba kwenye mishono. Tangu hapo kila suti yake ina akiba. Mteja akinenepa, mshono unafunguliwa, suti inanenepa naye. Huwa ananiambia, "Mama, nguo ya mwanaume haitakiwi kuwa na umri." Mtoto aliyeishia kidato cha nne huyo, jamani, maneno kama hayo!

Sasa, wiki hii akaniambia Jumamosi ananipeleka sehemu nikale. Nikauliza wapi. Kilimatinde.

Nikashangaa. Nitoke Singida mjini mpaka Manyoni, halafu nipande kilima, kwa ajili ya chakula? Singida hii ambayo watu wa Dar wanaagiza kuku wetu kwa mabasi? Akasema anapeleka suti za walimu kule tangu kiangazi, na amegundua sehemu ambayo hajaona mfano wake. Nikaamini, kwa sababu Elia ana huo ugonjwa. Kila anakopeleka nguo lazima aulize ni nani anapika kwa mkono wake mwenyewe. Hoteli zenye taa za rangi hazitaki. Ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa Kintinku mwenye maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu, mpaka leo nikiyakumbuka nameza mate.

Asubuhi wakati natoka, Baba Elia akaniambia, "Mama Elia, leo jaribu kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

Akaficha uso kwenye kikombe cha chai.

Alijua. Nyumba nzima ilijua, kasoro mimi.

Tulipanda basi hadi Manyoni, kisha bodaboda. Elia hakuvaa koti njiani. Alilibeba kwenye mfuko wa nailoni, amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Tulipofika juu akashuka, akajipangusa viatu, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Kaunda suti rangi ya ugoro, mpya, sijawahi kuiona. Mabega yamekaa, suruali imedondoka mpaka kwenye kiatu bila kukunjamana. Nikamwambia, "Baba, tunakwenda kula au tunakwenda kuapishwa?" Akacheka kidogo tu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka, na kule juu kuna baridi.

Ningekuwa na akili ningeuliza hapo hapo.

Sehemu yenyewe ni kwa Mama Upendo, na hakuna kibao. Ni nyumba ya mawe ya zamani, baraza imefagiliwa, meza chache, na ukikaa unaliona bonde lote mpaka kule chini kusikoisha. Huulizwi unataka nini. Unakula kilichopikwa. Kama unataka kuku, unatuma neno jana yake, kwa sababu kuku wake yuko uani anatembea na shughuli zake.

Mwenyewe akatoka, mama wa umri wangu, mwembamba, khanga kiunoni. "Mbukwenyi," akatusalimia Kigogo chao. Nami Mnyiramba nikajibu kwa Kiswahili, Kigogo changu kinaishia kwenye bei ya vitunguu. Nyuma yake akaja binti na maji ya kunawa. Akapiga goti mpaka chini kabisa. "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Nikawaza, hee, hapa wateja wanapigiwa magoti? Huduma ya wapi hii!

Chakula kikaja. Ugali wa uwele, mlenda ambao wao wanauita ilende, na kuku aliyechemshwa taratibu kisha akapitishwa kwenye mafuta ya alizeti. Shajara, mimi napika. Baba Elia hajawahi kula mgahawani tukiwa mji mmoja. Lakini yule kuku aliniweka mahali pangu. Mchuzi ule ulikuwa na ukimya ndani yake, sijui niseme vipi. Hauna kelele za viungo. Unajua ni kuku, unajua ni chumvi, unajua kuna mtu alisimama pale akasubiri.

Elia hakugusa.

Alinawa, akaweka mikono mapajani, akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikamwuliza unaumwa? Hapana. Umeshiba? Hapana. Basi kula. "Nitakula, Mama." Na yule mama amesimama pale pale, amekunja mikono, anatutazama. Mimi nikaona aibu. Mtu amepika, mwanangu kanuna. Nikaona dawa ni kuongea.

Nikaongea.

Nikamwambia huyu unayemwona hapa ndiye fundi mwenyewe, hiyo suti kashona mwenyewe. Nikainua upindo wa suruali kumwonyesha mshono. "Ona hii akiba. Mtu akinenepa, suruali inanenepa naye."

Mama Upendo akainama, akaangalia kweli kweli. Akasema, "Mwanao anakula hapa tangu kiangazi. Mbona yeye hanenepi?"

"Hana mke!" nikajibu. "Na mimi simwozi hovyo. Nimeletewa mabinti wa kutosha pale mjini, nimekataa. Wasichana wa sasa hata ugali hawajui kusonga, wanakoroga uji wanausubiri uwe mgumu."

Elia akasema, "Mama." Kwa sauti ndogo.

Yule binti aliyekuwa anaondoa birika la maji ya kunawa akasimama kama amekanyaga mwiba. Mama Upendo hakucheka. Ukimya ukaingia pale barazani, nikasikia mpaka kuku wa uani. Nami nilivyo, ukimya ukiingia naona kama nimeachiwa kazi ya kuujaza. Nikamega tonge jingine.

"Ila huu ugali," nikasema, "huu ni wa mtu mzima. Umeusonga mwenyewe?"

"Ameusonga Upendo."

Nikageuka kumwangalia yule binti vizuri. Mrefu, mikono ina kazi, macho ameyaweka chini. "Huyu? Huu ugali laini hivi? Jamani, huyu nani anamuoa? Kumbe ninyi mna hazina huku juu ya mlima!"

"Kuna mmoja ameuliza," Mama Upendo akasema. "Nimesema sitajibu mpaka nimwone mama yake."

"Umefanya vizuri. Mama mkwe ndiyo nyumba. Sasa umemwona?"

"Nimemwona."

"Yukoje?"

"Anaongea sana."

Shajara, wewe umeshaelewa. Hata watu wa Arusha wameshaelewa. Mimi nikaweka mkono shavuni, nikasema, "Maskini! Mpe pole huyo binti." Halafu, kwa kuwa sipendi mtu asemwe akiwa hayupo, nikaongeza, "Lakini mama yangu, nikwambie ukweli. Mtu anayeongea sana hana pa kufichia kinyongo. Akikasirika utajua, akikupenda utajua. Binti wako atalala usingizi."

Mama Upendo akanitazama muda. Nikadhani nimekula kitu kimebaki mdomoni, nikajifuta.

Akaingia ndani, akarudi na kibakuli kidogo. Firigisi. Akaiweka mbele yangu mimi, mgeni. Mnajua firigisi ni ya mwanaume mwenye heshima mezani, hailiwi na mtu tu. Sasa mimi nifanye nini, na mwanangu kavaa suti ile, kakaa wima vile? Nikaichukua, nikamwekea Elia kwenye sahani yake. "Kula, baba. Mama kapika kwa moyo."

"Mama, siwezi."

"Huwezi firigisi? Wewe? Uliyekuwa unalia ukinyimwa?"

Alimwangalia Mama Upendo, mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Na mwanamke yule akapandisha khanga yake kutoka kiunoni, akajitanda kichwani mpaka usoni, akatugeuzia mgongo.

"Mwache ale," akasema akielekea jikoni. "Mimi naingia ndani. Siwezi kusimama hapa mkwe wangu anakula."

Mkwe wangu.

Kwa wasiotoka huku kwetu: mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake. Ni kukosa adabu. Na mama mkwe naye akimwona mkwe anakula, anajifunika, anapisha. Wanyiramba tunafanya hivyo, kumbe Wagogo nao wanafanya. Ndiyo maana mwanangu alikaa na njaa mbele ya kuku. Kama bado ni mteja tu, ale. Kama ni mkwe, asile. Na hakuna aliyekuwa amemwambia yeye ni nani. Angekula ingekuwa amejiondoa mwenyewe. Alikuwa anasubiri kuona kama yule mama ataendelea kusimama pale.

Hakusimama. Alikimbia. Na kule kukimbia ndiko kukubali.

Mimi ilinichukua muda, nisidanganye. Nilimwangalia Elia, nikamwangalia Upendo ambaye birika lilikuwa linamwagika miguuni hata hajui, nikalikumbuka lile goti la mapokezi, nikamkumbuka Baba Elia na kikombe chake cha chai. Halafu nikayakumbuka maneno yangu yote, moja moja, kuanzia mabinti wasiojua ugali mpaka "mpe pole."

Nikapiga vigelegele. Ningefanya nini kingine? Jirani akachungulia juu ya ukuta.

Elia akageuza kiti akaelekea ukutani, akala firigisi yake kwa haraka, kama mtoto anayekula sukari ya wizi.

Nikamfuata Mama Upendo jikoni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, khanga bado iko kichwani, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Tukacheka wote mpaka moshi ukatutoa machozi. Nikamwuliza, "Kweli mimi naongea sana?"

"Sana," akasema. "Ila tangu baba yake Upendo atutoke, nyumba hii imekuwa kimya. Na mimi namwogopea mtoto wangu kimya kuliko maneno."

Hapo nikakosa la kusema. Andika hiyo, Shajara. Mimi, Mama Elia, nilikosa la kusema. Nikachukua kipande cha kuni, nikasogeza kwenye moto wake, nikakaa.

Kwenye basi la kurudi nilimbana Elia. Kwa nini hukuniambia? Uliniogopa? Aibu ya nini? Alikuwa amekaa dirishani, koti limerudi kwenye mfuko, limekumbatiwa.

"Ungejua, Mama, ungenisifu kwa kujipanga," akasema. "Mimi nilitaka mama yake Upendo akusikie unavyonisifu siku zote."

Niligeukia upande wa pili. Vumbi la Manyoni lile, linaingia machoni.

Sasa ona mambo yalivyo. Mwanangu amepata mke, amepoteza mgahawa. Sehemu nzuri kuliko zote alizowahi kugundua, na hawezi tena kukaa pale barazani mwenye nyumba akiwepo. Itabidi ale nyuma, amegeukia ukuta, maisha yake yote. Nimemwambia asilie, Upendo anakuja na mkono wake. Nami nitajifunza ule mchuzi, hata kama itabidi ninyamaze ili niujifunze.

Wazee wataenda kupeleka posa. Baba Elia hakusubiri, jioni hii hii ametoa ile kaunda suti yake kabatini, akajaribu. Suruali imekubali. Koti limegoma tumboni. Alisimama pale katikati ya sebule, mzee wa watu, vifungo mkononi, uso umeanguka. Elia akapiga magoti mbele yake, akageuza mshono wa ubavuni, akapapasa kwa kidole gumba.

"Usijali, Baba. Akiba bado ipo."

Ndiyo nacheka hapa mlangoni. Nguo ile ilinioa mimi, sasa inakwenda kumwolea mwanangu, na fundi aliyeishona zamani hakujua hata kama Elia atazaliwa.

Mimi je, nina akiba? Nitaweza kukaa mbele ya wazee wa Kilimatinde, kuanzia salamu mpaka soda, nimetulia tu, mikono mapajani?

Nimeanza mazoezi ya kunyamaza tangu tuliposhuka basi. Na tazama, nimeandika yote haya.